Msimu Unapogeuka Nyamianda

Mwezi wa tisa ukiingia, ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada huanza kutuma picha za watoto wao wamevaa makoti, wanarusharusha majani mekundu yaliyoanguka chini ya miti. Watoto wa hapa Nyamianda huzitazama kwenye simu na kuuliza kama miti ya huko inaumwa. Swali lina haki yake. Kwetu Uvira mti unaopukutika majani yote kwa mpigo ni mti wa kuhurumiwa, na mwezi huo mwembe wa uani ndio kwanza unabeba maembe mabichi ambayo watoto hawayapi nafasi ya kuiva. Lakini msimu unageuka huku pia, tena unageuka kweli. Unageukia ndani ya maji, angani na chini ya udongo, na mzazi mwenye watoto wadogo hahitaji hata franga moja ili kuwaonyesha. Anahitaji viatu visivyoogopa vumbi, na moyo wa kusimama kila baada ya hatua tatu, kwa sababu mtoto wa miaka minne hasafiri. Yeye anakagua barabara.

Nionavyo mimi, kazi ya mzazi katika matembezi hayo ni ndogo sana. Awafikishe watoto mahali, awalinde, kisha afunge mdomo mpaka aulizwe. Kazi kubwa Muumba alishaimaliza kabla hatujaamka.

Tuanze na ziwa, maana mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na ukitoka nyumbani huna njia ila kushuka au kupanda. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni Baikal peke yake, kule Siberia, linalolizidi. Wataalamu wanalikadiria umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Mtoto hawezi kuishika hesabu hiyo, na mtu mzima anayesema ameishika anajidanganya. Kinachoshikika ni upepo. Kuanzia mwezi wa tano, kiangazi chote, upepo wa kusini-mashariki hulisukuma tabaka la juu la maji, lile lenye joto, kuja upande wetu wa kaskazini. Maji hayo yanarundikana huku, na kule kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi iliyoachwa. Ziwa zima linakuwa limeinama kwa ndani, ilhali uso wake ukiutazama umelala sawasawa. Mwezi wa tisa upepo unalegea. Tabaka lililoinama linarudi, linapitiliza, linarudi tena, na bembea moja ya namna hiyo huchukua karibu mwezi mzima. Mtoto anayerusha mawe ufukoni amesimama kando ya mwendo huo wote bila kuusikia.

Kinachonishangaza zaidi ni udogo wa kipimo kilichotumika. Juu, maji yana nyuzi 25, 26, hata 27 za joto. Chini kabisa, zaidi ya kilomita moja gizani, yana nyuzi 23 na kitu. Tofauti hiyo ungeweza kuiona ndogo hata ndani ya ndoo ya kuogea, lakini ndiyo inayozuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike. Huku kaskazini, ukishuka kiasi cha mita mia moja, hewa ya oksijeni inakwisha, na samaki hawana cha kufanya huko. Sehemu kubwa ya ziwa hili haina pumzi, na kila tunachokivua kinaishi katika ngozi nyembamba ya juu. Ila humo gizani ndimo kunakohifadhiwa rutuba, maana kila kinachokufa juu kinazama na kuoza. Ile bembea ya msimu inapandisha sehemu ya rutuba hiyo kwenye mwanga. Mimea midogo isiyoonekana kwa jicho inaichangamkia, kuna siku za mwezi wa kumi na wa kumi na moja maji yanageuka kijani, wadudu wa majini wanakula ile mimea, samaki mdogo aitwaye ndakala anakula wadudu, na mukeke, samaki mkubwa zaidi, anamla ndakala. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba kupanda kwa joto la dunia kunalifanya tabaka la juu kuwa gumu zaidi kuchanganyika, na hivyo chakula cha samaki kupungua. Mzani uliopimwa kwa nyuzi mbili tatu hauhitaji mkono mzito kuuharibu.

Hapa lazima niseme neno la nyumbani. Maji haya tunawapeleka watoto wayatazame, si wayanywe. Kipindupindu hakijawahi kuuhama mji wetu, na mama anayebeba watoto kwenda ufukoni hubeba pia kidumu cha maji salama. Tena hatuendi nao kwenye matete ya delta ya Ruzizi. Viboko na mamba ni kazi ya Mungu vilevile, lakini mtu anaweza kumsifu Mungu kwa ajili yao akiwa mbali.

Kwa mtoto mdogo, mto wa kuanzia ni Mulongwe. Simameni pembeni, mahali pa usalama, kila mmoja adondoshe jani lake majini, halafu muulizane linaenda wapi. Linaenda ziwani, ndiyo. Na Ruzizi je, unaingia ziwani au unatoka? Swali hilo, ambalo mtoto wa shule ya msingi hapa anakujibu huku anatafuna kalanga, liliwahi kuwatoa jasho wasafiri wenye majina makubwa. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858 wakitumaini kwamba mto wa kaskazini unatoka ziwani kwenda Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia, nao wakarudi bila kuuona mlango wake. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kwa ajili ya jambo hilohilo, wakafika mdomoni mwa mto na kuona maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema. Miaka 13 ilipita kati ya jibu la wenyeji na macho ya wageni.

Basi mtoto anaendelea kuuliza, kama kawaida yake: kama Ruzizi unaingia, na Malagarasi unaingia kutoka Tanzania, na Mulongwe, na Kalimabenge, na vijito vyote vya Mitumba, mbona ziwa halijai? Mhubiri wa Biblia alishangaa vilevile mbele ya mito na bahari. Kuna mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie, unaopeleka maji Lualaba na hatimaye baharini Atlantiki. Lakini sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa, zaidi ya tisa katika kila kumi, haipiti mlango huo. Inapanda juu. Jua linaichukua kimya kimya, mchana hadi mchana, na mwezi wa kumi tunaiona imesimama juu ya milima kama mawingu meusi, tayari kurudi. Ukimweleza mtoto hivyo, atalitazama wingu kwa namna nyingine, na pengine atakuuliza kama samaki nao wanapanda.

Siwezi kulisema jambo hili huku nimefumba macho. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, Mulongwe uliporomoka na mawe na magogo, ukabeba nyumba na watu. Kisha ziwa lenyewe likapanda kwa miaka, na kuna nyumba za Kavimvira na Kilibula ambazo leo unazitambua kwa paa. Mwanangu mkubwa aliniuliza kwa nini Mungu alipima vizuri nyuzi za joto na akaacha mto ufanye vile. Nilimjibu lile nililoliona: vilima vya juu yetu vimekatwa miti, nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa mto, na maji hayana njia nyingine ya kushuka. Sehemu iliyobaki ya swali lake sikuijibu, na sitaki kujifanya kwamba maajabu ya ziwa ni jibu lake.

Turudi kwenye mwanzo wa mvua: wakati huo mbayuwayu wanafika. Wale watoto wa Ubelgiji wanapookota majani, wadudu wa kuruka wanapungua huko kwao, na ndege hawa wanaondoka. Huenda mmoja wao alizaliwa chini ya paa la jirani wa shangazi yetu wa huko. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Anaruka juu ya bahari ya Mediterania, anaivuka Sahara, na kati ya hao tunaowaona wakipitapita juu ya waya za umeme wamo wenye umri wa miezi michache tu, ambao njia hiyo hawajawahi kuipita. Watoto wangu huwatofautisha na mbayuwayu wa hapa kwa nyuzi mbili ndefu za mkia na wekundu wa koo. Hawakufundishwa na mtu. Walikaa chini ya waya kwa muda ambao mimi nisingeuvumilia.

Halafu mvua ya kwanza yenyewe. Ikinyesha mchana na jioni ikawa tulivu, udongo unafunguka na kumbikumbi wanatoka. Hapo matembezi hayana haja ya kwenda mbali, yanaishia mlangoni. Mweke mtoto mmoja wao kwenye kiganja. Ana mbawa nne, zote karibu sawa kwa urefu, ndefu kuliko mwili wake, laini na zenye rangi ya moshi. Karibu na bega la kila ubawa kuna mstari mwembamba, kama ule wa kuchania stempu, na hapo ndipo ubawa unapokatikia. Haung'olewi na mtu. Kumbikumbi mwenyewe akishatua anajipinda kidogo, anajisugua, na mbawa zinabaki chini. Mbawa zilizomchukua muda mrefu kuota zimetumika kwa dakika chache, mara moja katika maisha. Mwanangu mdogo aliona hivyo akalia, akidhani amemvunja. Tulikaa tukamtazama yule mdudu anavyokwenda mbio bila mzigo, mwenzake akimfuata nyuma karibu kumgusa, dume na jike, wakitafuta pa kuchimba.

Wakipona kuku, vyura, mijusi na sufuria ya mama, wawili hao wanajifungia ndani ya udongo na kuanza mji. Jike anakuwa malkia na anaweza kuishi miaka mingi, na dume hamwachi baada ya kupandana kama nyuki dume anavyokufa. Anakaa naye chumba kimoja. Mchwa wa vichuguu vikubwa hata kilimo wanacho. Nyasi na mabaki ya miti wanayokusanya wanayafanyia bustani, wanapanda uyoga wao humo, na uyoga huo ndio unaowalainishia chakula. Wanasayansi wanasema kilimo hicho kina umri wa kama miaka milioni 30. Mvua zikikolea, uyoga wa bustani hizo unatoboa udongo na kuchanua juu, na kina mama wa milimani wanauleta sokoni. Kwa hiyo kichuguu kimoja kinatulisha mara mbili: kumbikumbi wa kukaanga na chumvi kidogo, bila mafuta maana wanayo yao, na uyoga wa kupikwa na kalanga. Mtoto aliyewatazama vizuri kwanza anawala kwa adabu zaidi. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kumbikumbi wanaponzwa na taa. Ndakala pia. Usiku wa giza ukishuka ziwani kutoka Nyamianda, unaziona taa za wavuvi zimejipanga majini, na mbali ng'ambo taa za Bujumbura, na mtoto hajui wapi mji unaishia. Mchana ndakala hushuka chini kujificha. Usiku hupanda kufuata wadudu wa majini, na mwanga wa taa huwakusanya juu ya wavu ulioshushwa kati ya mitumbwi. Ni samaki wa urefu wa kidole, na maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Lakini mbalamwezi ikijaa, taa haina nguvu, samaki wanatawanyika katika mwanga ulioenea kote, na wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Ndiyo maana watoto wa huku wanaujua mwezi kuliko kalenda: wanajua ni siku zipi nyumbani kutakuwa na sombe bila ndakala. Kuna siku nyingine ufukoni mnakuta konyeza, wadogo kama sarafu, wanapumua majini wakifumba na kufumbua mwavuli wao. Wa namna hiyo watu walizoea kuwaona baharini tu, na Mjerumani Richard Böhm alipowaona katika ziwa hili mwaka 1883, wasomi wengine walidhani Tanganyika ni kipande cha bahari kilichosahauliwa. Sivyo. Ni ziwa, na konyeza ni wake.

Siku ambayo kuna nauli kidogo tunakwenda kusini. Ukishapita bandari ya Kalundu milima inausogelea ufuko mpaka barabara inakosa nafasi, mchanga unakwisha, na mawe makubwa yanaingia majini. Maji hapo ni safi kiasi kwamba mtoto akilala kifudifudi juu ya jiwe, nami nimemshika kiuno, anaona samaki wanavyokwangua ukoga kwenye mawe. Kila kundi lina jiwe lake. Ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii moja ya ngege, na karibu zote haziishi mahali pengine popote duniani. Aina nyingine ukienda kilomita chache mbele, baada ya mchanga kukatisha mawe, unawakuta wamebadili rangi.

Yuko mmoja ambaye watoto wangu walimpenda kuliko wote. Hukaa chini kidogo, kwa hiyo tulimwona katika beseni la kijana anayepiga mbizi. Kitabuni anaitwa Tropheus duboisi, na mtu aliyemwandika mwaka 1959 ni Georges Marlier, aliyekuwa akifanya utafiti hapahapa Uvira. Akiwa mtoto ana mwili mweusi tititi uliotawanywa madoa meupe, usiku wenye nyota. Akikua nyota zinafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na kiunoni unatokea mkanda mweupe au wa manjano. Mdogo hakukubali kwamba ni samaki mmoja. Alisema yule mkubwa ni baba wa kambo.

Mama yake hutaga mayai machache, makubwa, na papo hapo huyaokota kwa mdomo. Humo humo yanaanguliwa, humo humo watoto wanakua, kwa karibu mwezi mzima. Akina mama wengi wa samaki wanaolea hivyo hufunga, hawali. Huyu haachi kukwangua mawe huku kinywa kimejaa watoto, na watafiti wa Japani waliochunguza pwani hii walikuta kwamba chakula hicho kinawafikia wale watoto. Anatafuna, nao wanakula ndani ya mdomo wake. Mimi niliyenyonyesha huku ninakoroga ugali nilinyamaza kidogo niliposikia hivyo.

Watafiti hao wa Japani walifanya kazi kwa miaka mingi na kituo chetu cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, na mmoja wao, Michio Hori, alitoa mwaka 1993 habari ya samaki mwingine wa mawe haya ambaye kazi yake ni wizi. Anaitwa Perissodus microlepis, na chakula chake ni magamba ya wenzake. Anawavizia kutoka nyuma, anang'oa gamba ubavuni, anakimbia. Sasa mdomo wake haukunyooka. Kuna wenye mdomo uliopindia kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto. Kuna waliopindia kushoto, nao hushambulia wa kulia. Hori aliwahesabu mwaka hadi mwaka akakuta makundi mawili yanakaribia kuwa nusu kwa nusu, moja likizidi kidogo kisha lingine. Sababu ni hii: wa kushoto wakiwa wengi, samaki wote wanajifunza kuulinda ubavu wao wa kulia, na wezi wachache wa upande wa pili wanakula vizuri, wanazaa zaidi, mpaka zamu inageuka. Ziwa linawahitaji wote wawili, na halimwachi yeyote apotee.

Mwanangu mkubwa ni wa mkono wa kushoto. Koko yake, mama yangu mzazi, humpiga kofi dogo kila anaponyoosha mkono huo kwenye ugali, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyotulea. Jioni ya siku tuliyorudi kutoka Kalundu, mtoto alianza kumsimulia habari ya wezi wa magamba, taratibu, kwa heshima, “Koko, kuna samaki,” na akaifikisha mpaka ile nusu kwa nusu. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza samaki huyo analiwa au haliwi, na kama analiwa, upande upi una nyama nyingi.